Mchanga Ukiingia, Utokee Wapi?

Katambuga ni jina lenye amri ndani yake: kata mbuga. Aliyekiita hivyo kiatu cha tairi hakutaja mpira, wala misumari, wala gari lililotangulia kuuvaa mpira huo kabla ya binadamu. Alitaja safari. Ukisimama Shelui, pale mteremko wa Sekenke unapokwisha na mbuga ya Wembere inapoanza, unaiona mbuga yenyewe: tambarare inayoelekea Igunga, nyeusi na yenye nyufa wakati wa kiangazi, tope tupu wakati wa mvua. Malori ya Mwanza, Kigali na Bujumbura huivuka kwa muda mfupi juu ya lami. Mguu huivuka kwa kutwa nzima.

Nimeitembea mara kadhaa, kwa sababu kazi yangu ya kukusanya masimulizi ya wazee hunipeleka vijiji ambavyo bodaboda huvifikia kwa shida. Huvaa viatu vya kupandia milima, vile vyepesi vyenye wavu juu, nilivyovinunua mnadani kwenye rundo la mitumba. Muuzaji alivisifu kwamba vinapumua, na ni kweli vinapumua. Ila kinachopumua huvuta pia. Kila baada ya saa moja hukaa juu ya jiwe, nikavua, nikakung'uta, na mchanga ukamwagika. Wazee ninaoongozana nao hawakai. Hupiga mguu chini mara moja, katambuga ikatema kilichoingia, safari ikaendelea.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonipeleka kwenye vitabu. Nilitaka kujua watu wa upande huu wa nchi wamepigana na mchanga tangu lini, kwa silaha gani, na nani aliruhusiwa kuzishika silaha hizo. Nilidhani nasoma habari za viatu. Kumbe nilikuwa nasoma habari za wapagazi, watumwa, askari, wachimbaji na wadudu.

Chembe yenyewe

Tuanze na adui. Wanajiolojia huita mchanga chembe yoyote yenye upana kati ya milimita 0.06 na milimita 2. Kilichozidi hapo ni changarawe, kilichopungua ni vumbi na udongo. Sehemu kubwa ya Singida imekaa juu ya miamba ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Miamba hiyo ndiyo yale majabali ya duara unayoyaona yakiwa yamepangana kando ya barabara kama mtu kayaweka kwa mikono. Jua na mvua vikiila graniti, sehemu moja hugeuka udongo laini na kuchukuliwa na maji mpaka mbugani. Sehemu nyingine haigeuki. Hiyo ni kwazi, madini meupe yanayong'aa kama vioo vilivyovunjika, na ndiyo hubaki njiani kama mchanga mkavu.

Kwazi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho huanza na ulanga kwenye 1 na kuishia na almasi kwenye 10. Kisu cha kawaida cha chuma hakiwezi kuikwaruza. Sasa ingiza chembe kumi za kitu hicho kati ya soksi na kisigino chenye jasho, kisha piga hatua elfu kumi. Bandu bandu huisha gogo, na kisigino si gogo. Kwanza ngozi inakuwa nyekundu, kisha lengelenge, kisha kidonda. Wakati huohuo chembe zilezile zinakata nyuzi za wavu wa kiatu kutoka ndani, mpaka tundu dogo linakuwa dirisha.

Kwa mtengenezaji wa viatu hesabu ni chungu. Tundu linalotosha kupitisha hewa nyingi hutosha pia kupitisha mchanga mwembamba, na vumbi ndilo halihitaji hata kuombwa. Ukiubana wavu, mchanga unabaki nje lakini mguu unachemka. Kwa hiyo kila kiatu kilichowahi kutengenezwa ni jibu la swali moja: ufunge au ufungue? Wapo pia waliojibu kwa njia ya tatu, ambayo ni kuuacha mguu wenyewe uwe mgumu. Majibu hayo matatu yote yamepita kwenye ardhi hii.

Waliotembea pekupeku

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, kisha ikafika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Mgunda Mkali ni pori kavu ambalo sehemu yake kubwa sasa iko Manyoni, kusini mwa mkoa wa Singida. Jina linajieleza lenyewe. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walilivuka wakiwa na mzigo wa takriban kilo 30 begani: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa na shanga na nyaya za shaba kurudi bara.

Wengi walitembea pekupeku. Wengine walikuwa na makubazi ya ngozi mbichi ya ng'ombe au mnyama wa porini: unayo yaliyokatwa kufuata mguu, na kanda zilizopita kati ya vidole na nyuma ya kisigino. Kiatu hicho hakikukusudiwa kuzuia mchanga. Kazi yake ilikuwa kuzuia mwiba wa mgunga na joto la ardhi ya saa nane mchana. Mchanga uliingia ukatoka, kama mgeni asiyelala. Tatizo lake lilikuwa maji, kwa sababu ngozi mbichi ikilowa hulegea kama kitambaa. Kiatu hicho kilikuwa cha kiangazi.

Mwanzoni mwa 1875 msafara wa Henry Morton Stanley, ulioondoka Bagamoyo Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 300, uliacha njia ya kawaida, ukapinda kaskazini-magharibi kupitia nchi za Wanyaturu na Wanyiramba, ukavuka tambarare ya Wembere na kufika Kagehyi kwenye Ziwa Nyanza Februari 27. Watu wengi walikufa njiani kwa njaa, maradhi na mapigano. Ukisoma habari za safari kama hizo, utakuta miguu inatajwa zaidi pale ilipokuwa ya Mzungu. David Livingstone, aliyekuwa na mabuti, alikwama kwa wiki nyingi huko Manyema mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Tunajua hivyo kwa sababu aliandika. Vidonda vya wapagazi havikuwa na shajara.

Kulikuwa pia na miguu iliyokatazwa kiatu. Zanzibar ya masultani, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu. Makubazi ya ngozi na viatu vya mti, mitalawanda, vilikuwa alama ya uungwana, na mtu aliweza kupimwa kwa kutazamwa miguuni kabla hajafungua mdomo. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, kununua viatu na kofia kulikuwa mojawapo ya njia ambazo waliokuwa watumwa walitangaza uhuru wao. Kwao, kiatu kwanza kilikuwa cheti.

Mdudu aliyepanda meli

Mguu mtupu uliozoea njia huota ngozi nene, na chembe ya kwazi hauioni kitu. Kwa karne nyingi jibu hilo la tatu lilitosha. Kisha mchanga wenyewe ukabadilika.

Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilitia nanga Ambriz, Angola. Ndani ya mchanga wake wa kuzuia meli isiyumbe mlikuwa na kiroboto mdogo ambaye Afrika haikuwa imemjua: funza. Jike lake, lenye urefu wa takriban milimita moja, hutoboa ngozi ya mguu, hasa chini ya kucha na kati ya vidole, hujizika humo na kuvimba kama punje ya njegere akiwa amejaa mayai. Anapenda udongo mkavu wenye mchanga, sakafu ya vumbi, kivuli cha zizi. Alipanda barabara zilezile za misafara, kutoka mguu hadi mguu, na katika muda wa takriban miaka 25 alikuwa amelivuka bara zima mpaka Zanzibar.

Fikiria hilo kwa lugha ya mpagazi. Baba yake alitembea njia hiyohiyo pekupeku na kurudi mzima. Yeye anatembea njia ileile na kurudi akichechemea, vidole vimeoza, na hakuna mtu katika ukoo wake aliyewahi kuuona ugonjwa huo. Elimu ya kumtoa mdudu kwa mwiba au pini, taratibu, bila kumpasua, ilibidi iundwe upya na kizazi kimoja.

Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Iramba, hakuwa na kucha kwenye vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alipokuwa akitutoa funza kwa sindano aliyoichoma kwanza kwenye moto wa kibatari, alituambia, "Wajukuu zangu, msicheke mwenye funza. Mcheke mwenye sakafu ya saruji asiyemkaribisha mwenzake." Sikumwelewa wakati ule. Leo najua alikuwa anasema kitu ambacho wataalamu wa afya ya jamii husema kwa kurasa nyingi: funza ni ugonjwa wa sakafu na wa kukosa viatu, kwa hiyo ni ugonjwa wa kipato. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, hata hivyo, mtoto mwenye funza alionekana mchafu, na aibu ikamfukuza darasani kabla maumivu hayajamfukuza.

Hapo ndipo sifa ya kiatu cha wazi hupungua. Katambuga hutema mchanga, lakini funza hana haja ya kukaa ndani ya kiatu. Anahitaji sekunde chache za ngozi tupu.

Dhahabu ya Sekenke na mabuti ya vita

Juu ya mteremko, kilomita chache kutoka Shelui, ndipo palipokuwa mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu wa nchi hii. Wajerumani walianza kuchimba Sekenke mwaka 1909. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 tu, kwa hiyo katika miaka ya mwanzo kila chuma ambacho hakikupatikana hapa kilisafiri sehemu ya mwisho kwa mabega na kwa kukokotwa, juu ya mchanga huuhuu. Dhahabu ilikuwa ndani ya mishipa ya kwazi. Yaani mawe yaliyopondwa ili kuitoa yalikuwa madini yaleyale yanayokula visigino, sasa yakiwa unga.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza na koloni likakatwa na bahari, serikali ya Kijerumani ilikosa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, dhahabu ya Sekenke iligeuzwa kuwa sarafu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima upande mmoja na tai wa kifalme upande wa pili. Zilitengenezwa takriban 16,000. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikakoma.

Sarafu ilipatikana, lakini kiatu kilikuwa taabu zaidi. Askari wa jeshi la Kijerumani walianza vita wakiwa na mabuti na vitambaa virefu vya kuzungushia muundi kutoka kifundo mpaka chini ya goti. Vitambaa hivyo, ambavyo Waingereza walijifunza India, ni mababu wa gaita za wapanda milima wa leo. Kazi yake ni kuziba ule mwanya kati ya buti na suruali, mahali ambapo mchanga, mbigili na siafu huingilia. Upande wa Waingereza, askari wengi wa King's African Rifles walivaa vitambaa hivyo juu ya miguu mitupu, au walivaa ndara tu. Muundi umefungwa kwa nidhamu ya kijeshi, nyayo ziko wazi! Picha za wakati ule huonyesha hivyo bila haya. Vazi lilikuwa la gwaride, na mguu ulihesabiwa kuwa kifaa kilichokuja na mtu mwenyewe.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alieleza katika kumbukumbu zake za vita jinsi jeshi lake lilivyojishonea viatu baada ya akiba kwisha. Ngozi zilitoka kwa ng'ombe na wanyama wa porini, dawa ya kuzilainisha ilitokana na mikoko ya pwani. Yeye mwenyewe alijifunza ushonaji, na anakiri kwamba kiatu chake cha kulia kilifanana zaidi na cha kushoto. Anasema Mzungu anaweza kwenda pekupeku njiani, si porini, na kwamba ndara za vipande vya ngozi zilisaidia lakini hazikufikia buti. Ni kurasa za kufurahisha kusoma. Ila ukizisoma ukiwa unajua kwamba nyuma ya kila kikosi, cha upande wowote, kulikuwa na wabeba mizigo wengi kuliko askari, furaha inapungua. Makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la jeshi lao la mizigo upande wa Waingereza, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo. Tunakwenda huko kununua viatu.

Tairi na kiwanda kisichopumua

Tairi la hewa lilipata hataza ya John Boyd Dunlop mwaka 1888, kwa ajili ya baiskeli. Magari yalipoongezeka Afrika Mashariki, matairi yaliyokufa yaliongezeka pia, na mafundi wakaona ndani yake unayo. Sehemu ya kukanyagia ikawa chini ya mguu, tyubu ya ndani ikakatwa kanda, misumari mifupi ikaunganisha. Kenya wanakiita akala. Sisi tukakipa jina la safari.

Fundi mmoja wa Shelui, mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini karibu na maegesho ya malori, alinieleza kwamba kazi yake imekuwa ngumu tangu matairi yalipojaa nyaya. "Zamani tairi lilikuwa nyuzi tupu, mwanangu. Kisu kinapita kama kwenye mkate. Haya ya sasa yana chuma ndani, yanang'oa kisu na yanamchoma mteja." Alikuwa anasimulia mapinduzi ya viwanda bila kuyataja: tairi la nyaya za chuma, ambalo Michelin ililiombea hataza mwaka 1946, ndilo lililoenea duniani kote kwa sababu hudumu. Kinachomfaa dereva kikamwadhibu fundi. Nilimuuliza mbona hazibi pembeni ili mchanga usiingie. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina mlango. "Ukiziba, utokee wapi?"

Swali hilo halikuulizwa Morogoro. Katika mwongo wa 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, serikali ilijenga huko kiwanda cha viatu cha kisasa. Kilipangiwa kutoa viatu milioni 4 kwa mwaka, na robo tatu yake iuzwe Ulaya. Lengo lenyewe halikuwa la kuchekwa. Taifa lililotoka kwenye wapagazi pekupeku lilitaka kuvisha watu wake na kuuza ngozi yake ikiwa kiatu, badala ya kuiuza ikiwa mbichi. Lakini kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ukakoma mwaka 1990. Miongoni mwa kasoro zake nyingi, moja huwa inanirudia: kuta zake zilikuwa za alumini na hakikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Kiwanda cha viatu kilijengwa kama kiatu kibaya, kimefungwa pande zote na kikimchemsha aliyemo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikamalizia kazi. Ndiyo maana leo mchungaji wa Wembere anaweza kuvaa kiatu kilichobuniwa kwa ajili ya mteja wa Oregon au Bavaria, na ndiyo maana mimi nina viatu vyenye wavu.

Ufunge au ufungue

Viatu hivyo navyo vina historia. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aligundua kwamba aina fulani ya plastiki, ikivutwa kwa ghafla, hugeuka utando wenye vitundu vidogo mno: mvuke hupita, tone la maji halipiti. Mchanga ndio kabisa. Kwa kusikia, tatizo limekwisha. Lakini mvuke hautembei bure. Husukumwa na tofauti kati ya unyevu na joto la ndani na la nje. Utando ule ulifaa kwa mvua na baridi. Katika joto la Shelui la Oktoba, nje kunapokaribia kuwa kama ndani, jasho linakosa sababu ya kuondoka. Hivyo watengenezaji huuza pia viatu vya wavu mtupu kwa nchi za joto, na hapo tunarudi kwa mchanga.

Wanaopanda Kilimanjaro wanalijua hili vizuri. Chini ya Kibo kuna mteremko mrefu wa changarawe la volkano, ambako wakati wa kushuka kila hatua huzama mpaka kifundoni. Wageni huvaa gaita. Wapagazi wa mlimani, wanaojiita wagumu, mara nyingi huvaa walichopewa na mgeni wa msimu uliopita.

Mimi nilimpelekea fundi cherehani wa Shelui mwavuli uliovunjika mbavu. Kitambaa chake ni chepesi, kimefumwa kwa karibu, na hakishiki mbigili. Akanishonea mifuko miwili ya kuvaa juu ya kifundo, mpira juu na chini, na ndoano ya waya ya kushikia kamba za kiatu. Mchanga wa juu ulikoma. Wa kupitia kwenye wavu niliupunguza kwa soksi za sufu nyembamba, ambazo hazikusanyi chembe kama za pamba zikilowa jasho, na kwa kuvua unayo wa ndani kila jioni na kuupiga kwa brashi. Vumbi lenyewe halikukoma, wala halitakoma.

Na vumbi ndilo lenye hatari zaidi. Katika miaka ya 1970 daktari wa upasuaji Mwingereza, Ernest Price, alichunguza nchini Ethiopia watu waliovimba miguu kama wenye matende, ingawa hawakuwa na minyoo ya matende. Alionyesha kwamba chanzo kilikuwa chembe za udongo mwekundu wa volkano, zilizopenya ngozi ya wakulima wanaotembea pekupeku na kuharibu mishipa ya limfu. Ugonjwa ukaitwa podokoniosisi, kwa Kigiriki mguu na vumbi. Umepatikana pia Rwanda, Kameruni, na Kamwenge huko Uganda magharibi. Kinga yake ni viatu, maji na sabuni. Udongo wa Shelui si wa namna hiyo, ila kanuni ni moja: chembe usiyoihisi ndiyo inayoingia ndani zaidi.

Huko Sekenke wachimbaji wadogo bado wanashuka kwenye maduara na bado wanasaga mawe ya kwazi kwenye makarasha. Unga mweupe unaotoka hapo ni mdogo mara nyingi kuliko mchanga wowote uliowahi kunikera kiatuni. Ukivutwa kwa miaka, hufanya makovu kwenye mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna tiba na humrahisishia kifua kikuu njia. Nimeona vijana wakifanya kazi hiyo wamevaa malapa na fulana iliyofungwa puani. Wakipata kokoto mguuni husimama mara moja, huinua mguu, huitupa. Unga hawasimamii. Mguu hulalamika, pafu hunyamaza miaka kumi. Maji yakimwagwa kwenye mawe wakati wa kuchoronga na kusaga, vumbi hupungua sana. Hilo si teknolojia ya mbali. Ni gharama ya maji mahali pakavu, na ni uamuzi wa mwenye karasha.

Ndiyo maana siamini tena kwamba swali la kuzuia mchanga ni la watalii peke yao. Tangu Mgunda Mkali mpaka kwenye makarasha, limekuwa swali moja: nani anafunikwa na nani anaachwa wazi, na nani anapanga. Sarafu za Tabora bado zipo, zikiuzwa kwenye minada ya wakusanyaji kwa maelfu ya dola, tembo wake waking'aa kama jana. Viatu vya waliochimba dhahabu yake, kama walikuwa navyo, vilikuwa vya ngozi, na ngozi huoza. Katambuga ni tofauti, maana tairi haliozi. Atakayechimba Wembere baada ya miaka mia tano atazikuta, nyayo zimelika upande wa kisigino, misumari imegeuka kutu, na katika mifereji ya mpira, pale ambapo brashi haikuwahi kupita, bado pamenasa chembe za kwazi.